Kuacha Kazi Si Kuacha Mshahara

Maongezi yetu ya leo yanahusu jambo ambalo watu wengi hulisema kwa kunong'ona, nalo ni habari ya mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake, hali mwajiri wake bado hajamlipa mshahara wa miezi iliyopita. Je, mtu huyo aweza kudai? Na kama aweza, adai nini, kwa nani, na kabla ya siku ngapi kupita? Twanena hasa na ninyi mlioko Katoro na vijiji vya jirani, lakini sheria tutakayoieleza ni ya Tanzania Bara nzima. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005, nayo hatutaigusa leo.

Katoro mnaifahamu. Ni mji wa biashara katika Wilaya ya Geita, kando ya barabara itokayo Geita kwenda Bwanga na Biharamulo, nao umeshikana na Buseresere iliyo upande wa Chato. Watu huja huko kutoka Shinyanga, Kigoma, Kagera na Mwanza wakifuata dhahabu na biashara izaliwayo na dhahabu. Wengine hushuka katika maduara, wengine husimamia karasha za kusagia mawe, wengine huosha mchanga katika mialo. Wako pia wauza maduka, watumishi wa nyumba za wageni, wapishi, walinzi, na vijana wa mashine za kukoboa mpunga. Wengi wao hupatana kazi kwa mdomo tu. Mwisho wa mwezi ukifika, huambiwa wangoje mzigo utoke. Mwezi wa pili huambiwa vivyo hivyo. Hatimaye mtu huchoka, huchukua begi lake na kwenda zake. Akiuliza habari ya fedha zake, hujibiwa, "Kazi umeacha mwenyewe, sasa wadai nini?" Naye, kwa kutojua, hunyamaza.

Sisi tulio walimu twafundisha vijana kuhesabu na kuandika barua. Twaona ya kuwa jibu hilo laweza kushindwa kwa mambo hayo mawili tu, hesabu na barua, mradi vitumiwe kwa wakati wake. Basi tusikilizane.

Kwanza, tuulize neno hili la kwamba aachaye kazi hupoteza mshahara limetoka wapi. Halikuzuka bure. Katika Tanganyika ya Waingereza ilikuwako sheria ya mwaka 1923 juu ya mabwana na watumishi wao Waafrika, na kwa sheria hiyo mtumishi aliyetoroka kazini kabla ya mkataba wake kwisha alihesabiwa kuwa mkosaji, akaweza kupelekwa mahakamani na kuadhibiwa. Katika mashamba ya mkonge kilikuwako kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku aliyofanya kazi mtu ilitiwa alama, na malipo yalikuja kipande kilipojaa. Aliyeondoka kabla ya kukijaza aliondoka na hofu mbili, hofu ya kukosa fedha na hofu ya kukamatwa. Wazee waliokulia katika desturi hiyo waliwarithisha watoto wao fikira ya kwamba kuondoka kazini ni kosa, na mwenye kosa hana la kudai.

Lakini nyakati zimegeuka. Mwaka 1949 mataifa yaliyokutana Geneva katika Shirika la Kazi Duniani yalifanya mkataba wa kulinda mshahara. Mkataba huo wasema ya kuwa ajira ikomapo, mshahara wote uliobaki sharti ulipwe kwa kufuata sheria ya nchi au katika muda unaofaa. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zilizouridhia. Hapa nyumbani, Bunge lilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo. Kwa sheria hizi kuacha kazi si jinai. Ni kumaliza mapatano, na mapatano yakimalizwa hapana budi kila mtu apewe kilicho chake.

Pili, tutazame kilicho chake ni kipi. Sheria yataja mambo ambayo mwajiri apaswa kuyalipa ajira ikomapo, awe mwajiri ndiye aliyeikomesha au mfanyakazi ndiye aliyeondoka. La kwanza ni ujira wa kazi yote iliyofanyika hata siku ya mwisho. La pili ni malipo ya likizo ya mwaka ambayo mtu alistahili kupewa wala hakuichukua, pamoja na sehemu ya likizo ya mwaka usiotimia. Likizo ya mwaka kwa sheria hii ni siku 28 mfululizo, na sehemu ya likizo hupimwa kwa kipimo cha mshahara wa siku 1 kwa kila siku 13 za kazi. Mtu asiyetimiza miezi sita kazini hayumo katika hesabu hii. Tena likizo za zamani zilizoachwa zipite muda wake zaweza kupotea. Kwa hiyo mtu asizilimbikize kama nafaka ghalani. La tatu ni nauli ya kurudi, kwa mtu ambaye mkataba wake umekoma mbali na mahali alipoajiriwa. La nne si fedha, nalo ni hati ya utumishi, karatasi ionyeshayo ya kuwa mtu alifanya kazi mahali fulani. Hati hii ni haki ya kila aondokaye, hata akiwa ameondoka kwa hiari.

Hapa yafaa kutaja jambo moja ambalo mwenye kuacha kazi kwa hiari hapewi, nalo ni kiinua mgongo cha kuachishwa kazi, kile cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10. Hicho ni cha yule aliyeachishwa na mwajiri baada ya kutumika miezi 12 au zaidi, wala hakuachishwa kwa utovu wa nidhamu. Twalisema hili makusudi. Adaiye zaidi ya haki yake humpa mdaiwa sababu ya kumwita mwongo, na mwisho hata kile kilicho haki huanza kutiliwa shaka.

Tatu, ni habari ya taarifa. Sheria hairuhusu mtu kuondoka kama upepo. Ikiwa yu katika mwezi wake wa kwanza wa kazi, atoe taarifa ya siku 7. Baada ya hapo, alipwaye kwa siku au kwa juma atoe taarifa ya siku 4, na alipwaye kwa mwezi atoe taarifa ya siku 28. Taarifa iwe kwa maandishi, nayo itaje sababu na tarehe. Asiyekubali kufanya kazi katika siku hizo za taarifa, mwajiri aweza kumkata fedha ambazo angezipata kama angefanya kazi siku hizo.

Ili jambo hili lieleweke, tufanye hesabu. Chukueni kalamu. Tuseme yuko kijana alipwaye shilingi 260,000 kwa mwezi katika mtambo wa kuchenjua dhahabu, naye hufanya kazi siku 6 kwa juma. Kwa kipimo cha sheria mwezi una majuma 4 na theluthi, yaani siku 26 za kazi. Basi mshahara wake wa siku ni shilingi 10,000, na wa juma ni shilingi 60,000. Alianza kazi tarehe 1 Februari. Mshahara wa Oktoba hakulipwa. Mwanzoni mwa mwezi huo alikopeshwa shilingi 100,000, akaandika na kutia sahihi ya kuwa zikatwe katika mshahara wake.

Tuseme kijana huyo alikuwa mtulivu. Tarehe 1 Novemba aliandika barua ya kuacha kazi, akaendelea na kazi hata tarehe 30 Novemba, na Novemba nayo hakulipwa. Adai nini? Mshahara wa miezi miwili ni shilingi 520,000. Alitumika miezi 10, yaani siku 260 za kazi. Gawanya kwa 13, utapata siku 20 za likizo, yaani shilingi 200,000. Jumla ni shilingi 720,000. Toa mkopo wa shilingi 100,000. Zinabaki shilingi 620,000.

Sasa tuseme alikuwa mwenye hasira, akaondoka usiku wa tarehe 31 Oktoba bila kumwambia mtu. Mshahara wa Oktoba ni shilingi 260,000. Likizo ya miezi 9 ni siku 18, yaani shilingi 180,000. Jumla ni shilingi 440,000. Toa mkopo, zinabaki 340,000. Mwajiri naye aweza kukata mshahara wa siku 28 za taarifa, yaani majuma 4, shilingi 240,000. Zinabaki shilingi 100,000 tu. Mnaona, wasikilizaji? Kazi ni ile ile na mwajiri ni yule yule. Tofauti yote imeletwa na karatasi moja na siku 28 za subira.

Lakini tusimhukumu mwenye hasira upesi. Kuna mwajiri ambaye kwa matendo yake humfanya mtu ashindwe kabisa kuendelea, na kunyimwa mshahara mwezi baada ya mwezi kwaweza kuwa miongoni mwa matendo hayo. Sheria yalijua jambo hilo. Mtu aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike aweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, naye aweza kudai kwa njia hiyo. Ila yampasa kuthibitisha, tena muda wa kudai ni mfupi zaidi, kama tutakavyoona.

Nne, ni habari ya wale wasio na mshahara wa mwezi. Katika machimbo madogo wengi hulipwa kwa mgawo wa viroba vya mawe. Mwenye duara huwaambia, "Ninyi si waajiriwa wangu; sisi ni washirika." Pengine ni kweli, na pengine si kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi imeweka alama za kutambua. Mtu afanyaye kazi kwa ajili ya mwingine hudhaniwa kuwa mwajiriwa ikiwa hata moja tu ya alama hizi iko: namna ya kazi yake yaongozwa na mwingine, saa zake zapangwa na mwingine, yeye ni sehemu ya shughuli ya mwingine, amemfanyia kazi si chini ya saa 45 kwa mwezi, kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita, riziki yake yamtegemea huyo mmoja, vyombo vya kazi hupewa naye, au hamfanyii kazi mtu mwingine yeyote. Alama ikionekana, ni juu ya mwenye duara kuonyesha ya kuwa huyu si mwajiriwa wake. Hivyo neno "mshirika" halitoshi peke yake kumnyima mtu ujira.

Tano, ni ushahidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwajiri apaswa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, yaani kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, saa na ujira. Kesi ikifika mbele ya waamuzi, na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa huwa juu yake. Hii ni faraja kubwa kwa aliyepatana kwa mdomo. Hata hivyo mfanyakazi asilale. Awe na daftari dogo, aandike kila siku aliyofanya kazi na kila shilingi aliyopokea. Atunze ujumbe wa simu uonyeshao ya kuwa mwajiri alimtumia fedha, kwa maana sheria ya mwaka 2015 juu ya miamala ya kielektroniki yaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokewa. Akumbuke wenzake waliokuwa naye kazini, kwa kuwa mdomo wa shahidi nao ni maandishi. Aulize pia katika ofisi ya NSSF kama michango yake ilipelekwa. Sehemu iliyokatwa katika mshahara wake ni mali yake, si fedha ya mwajiri ya kufanyia biashara.

Tena tahadhari ya karatasi. Asitie sahihi penye maneno ya kuwa amelipwa yote, ikiwa hajalipwa yote. Na mwajiri akidai kukata fedha kwa ajili ya sururu iliyopotea au pampu iliyoharibika, mfanyakazi aulize ni kwa mapatano gani ya maandishi. Mwajiri hana ruhusa ya kukata mshahara kwa kupenda kwake tu.

Sita, ajue kwa hakika ni nani aliyemwajiri. Jambo hili laonekana dogo, lakini madai mengi huangukia hapo. Katika chimbo moja waweza kuwa na mwenye leseni, mwenye duara, mwenye fedha zinazoendesha kazi, na msimamizi. Mfanyakazi humjua msimamizi tu, tena kwa jina la utani. Akiandika jina hilo katika shauri, atapewa haki juu ya mtu asiyekuwapo. Basi aulize mapema jina lililo katika leseni ya machimbo au ya biashara, na kama ni kampuni, jina lake kamili kama lilivyosajiliwa.

Sasa tufike kwenye barua ya kudai. Barua nzuri ni fupi, haina matusi, na ina hesabu. Twatoa mfano kwa faida ya wasomaji wa kijitabu hiki, nao wanafunzi wainakili:

"Kwa Bwana Fulani, mwenye mtambo, Katoro. Bwana, kwa heshima nakukumbusha ya kuwa nilifanya kazi kwako tangu tarehe 1 Februari hata tarehe 30 Novemba, baada ya kukupa taarifa ya kuacha kazi tarehe 1 Novemba. Sijalipwa mshahara wa Oktoba na Novemba, shilingi 520,000, wala malipo ya siku 20 za likizo, shilingi 200,000. Ukitoa mkopo wa shilingi 100,000 nilioupokea, deni ni shilingi 620,000. Naomba pia hati yangu ya utumishi. Naomba unilipe katika siku saba. Nisipolipwa, nitapeleka madai yangu mbele ya Tume. Mimi, aliyekuwa mfanyakazi wako."

Barua hiyo iandikwe nakala mbili. Moja apewe mwajiri mbele ya shahidi. Ya pili mwajiri aitie sahihi kuwa ameipokea. Akikataa, shahidi na aandike ya kuwa alikataa, siku gani na saa ngapi.

Mwajiri akinyamaza, kuna mahali pa kwenda. Mahali hapo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na watu wa Katoro na waulize ofisi yake Geita mjini, makao makuu ya mkoa. Kupeleka shauri huko si lazima kuwa na wakili. Mtu aweza kusema mwenyewe, au kusemewa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, kama TAMICO au NUMET kwa watu wa migodi, au na mwakilishi aliyemchagua. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na mabaraza yetu, kwa hiyo asiyejua Kiingereza asiogope. Yuko pia Afisa Kazi wa Serikali, mwenye uwezo wa kukagua mahali pa kazi na kumwamuru mwajiri atimize sheria.

Na sasa, wasikilizaji, tegeni masikio, kwa kuwa hapa ndipo wengi wapotezapo haki yao. Madai yana siku zake. Adaiye ya kuwa aliachishwa bila haki, pamoja na yule aliyelazimika kuondoka, ana siku 30 tangu ajira ilipokoma. Adaiye mshahara na mambo mengine ana siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Si miezi sita, wala si mwaka. Tena mwajiri aweza kusema ya kuwa mgogoro wa mshahara ulizuka siku ya malipo ilipopita, si siku mtu alipofunga begi. Kwa hiyo hesabuni tangu siku ya mapema zaidi. Yule kijana wetu, ambaye mshahara wa Oktoba ulipaswa kulipwa tarehe 31, asivuke tarehe 30 Desemba.

Aliyechelewa hufungiwa mlango, ila aweza kuomba ufunguliwe. Hujaza fomu ya kuomba kuongezewa muda, akaeleza chini ya kiapo kwa nini alichelewa, naye hutakiwa kutoa hesabu ya kila siku iliyopita. Neno "sikujua" halitoshi mara nyingi. Wala "mwajiri aliniahidi" halitoshi mara nyingi, kwa sababu ahadi ya mdomo haisimamishi siku. Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Njia yenyewe ni hii. Mdai hujaza Fomu Namba 1 ya Tume, humpa mwajiri nakala, kisha huipeleka Tume pamoja na ushahidi wa kuwa mwajiri ameipata. Tume huwaita wote wawili mbele ya msuluhishi. Usuluhishi huwa wa siku 30, isipokuwa wenyewe wakubaliane kuongeza. Wakipatana, huandika na kutia sahihi, na mapatano hayo huwafunga wote. Kwa hiyo mtu asitie sahihi kiasi asichokiridhia. Siku ya kuitwa ni siku ya kufika. Mdai asipofika, shauri lake laweza kufutwa. Mwajiri asipofika, msuluhishi aweza kuliamua shauri bila yeye. Wasipopatana, shauri huenda kwa mwamuzi, ambako mashahidi huapa, karatasi hutolewa, na mwamuzi hutoa tuzo. Asiyeridhika na tuzo ana majuma sita kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iitazame. Na kama hakuna aliyeipinga, wala mwajiri halipi, tuzo hupelekwa mahakamani ikazwe kama hukumu nyingine yoyote.

Yako na mambo ya kuepukwa. Mtu asijilipe mwenyewe. Kubeba viroba vya mawe vya mwenye duara, au kuondoka na pampu yake kwa kusema "hii ni rehani ya mshahara wangu", ni kugeuza haki kuwa kosa. Aliyekuwa mdai asubuhi huwa mshtakiwa jioni. Wala asikusanye vijana kwenda kupiga kelele langoni pa mtu. Kelele hupita, na siku 60 hupita nazo.

Nanyi mlio waajiri, maneno haya si ya kuwafanyia uadui. Wengi wenu mlianza kwa sururu na karai, mnajua jasho. Twajua ya kuwa duara laweza kuchimbwa miezi mingi bila kuona chochote, na mwenye duara naye akawa mdeni. Lakini yule aliyeshuka chini hakuuza bahati, aliuza nguvu zake, na nguvu hizo zimekwisha tumika. Kama fedha hamna, semeni mapema, andikianeni ratiba ya kulipa kidogo kidogo, na mtimize. Dawa ya deni ni kulipa. Mwajiri alipaye waondokao kwa amani huwa na mlango ambao wafanyakazi wema huubisha.

Na tuwakumbushe wote kisa cha wazee waliotumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, watu wa reli, wa posta, wa bandari na wa ndege. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na wengi wao walikuwa bado wanadai mafao yao hata baada ya mwaka 2000, wengine wakiwa vikongwe na wengine wakiwa wamekwisha kufa. Ikiwa deni la Jumuiya ya nchi tatu liliweza kuzeeka hivyo, deni la mwenye duara la mwaka huu litazeeka upesi zaidi. Deni la mshahara hudaiwa likiwa bichi.

Basi tukusanye tuliyosema. Toa taarifa kwa maandishi, na ufanye kazi siku za taarifa. Weka daftari. Jua jina la kweli la mwajiri wako. Piga hesabu ya haki yako, isizidi wala isipungue. Andika barua yenye adabu. Hesabu siku 60 tangu siku ya mapema zaidi, na kama ulilazimika kuondoka, hesabu 30. Nanyi wanafunzi mliofika darasa la kuweza kusoma maneno haya, msiyaache shuleni. Nyumbani kwenu yuko kaka, shangazi au jirani aliyerudi bila mshahara wake. Ketini naye jioni ya leo, mumwulize aliacha kazi tarehe gani, na mhesabu pamoja siku zilizobaki.

Kwaherini, mpaka maongezi mengine.